Kejeli za Kunifikisha Kibaha

Mwananyamala,
14 Februari 1993

Kwa Bi Zuena binti Mwishehe,

Naomba radhi kwa kukuandikia bila kutanguliza taarifa. Naomba radhi pia kwa mwandiko huu, kwani mkono wangu umechoka kwa sababu ambayo ndiyo kiini cha barua yenyewe.

Utakumbuka kwamba tulionana mara ya mwisho katika mazishi ya marehemu mke wangu, Veneranda. Siku hiyo, kwa haki yako ya Mzaramo juu yetu sisi watani wako Wanyamwezi, ulivaa koti langu, ukafunga mikono nyuma kama mimi, ukazunguka matangani ukiviomba radhi viti kila ulipovigusa. Waombolezaji walicheka hadi wakashikana. Mimi pia nilicheka, na nadhani ndiyo mara ya mwisho niliyocheka kwa sauti. Sikupata nafasi ya kukushukuru. Nakushukuru sasa.

Binti yangu Kresensia, ambaye ni muuguzi Tabora, alikuja Krismasi. Aliniona nikitweta baada ya kupanda ngazi za baraza langu mwenyewe, akaamua nihamie kwake. Nilikataa. Hapa ndipo nilipoishi na mama yake, na hapa najua kila jirani anakohoa vipi. Akasema kwamba mtu wa miaka sitini na mitatu anayeishi peke yake ni mgonjwa ambaye hajaanguka tu. Kwa hasira, ingawa hasira si tabia yangu, nilivuta gazeti lililokuwa mezani, nikaweka kidole juu ya tangazo moja, nikasema, "Nikimaliza hili, utaniacha nyumbani kwangu?" Akalisoma, akacheka, akasema, "Baba, ukimaliza hilo nitakuacha hata ukaishi mwezini. Ukishindwa, unapanda treni na mimi." Tukapeana mikono.

Ndipo nikavaa miwani na kulisoma tangazo.

Ni mashindano ya klabu moja ya michezo huko Kunduchi, yatakayofanyika Septemba. Kwanza ni kuogelea baharini kiasi cha kilomita mbili. Kisha ni baiskeli, kutoka Kunduchi kwa njia ya Ubungo hadi Kibaha, na kurudi. Kisha, kwa sababu ambayo waandaaji hawakuieleza, ni kukimbia kilomita ishirini na moja. Yote siku moja, na mtu ni yule yule.

Mazoezi nimeyaanza. Kuendelea nayo ndiko kunakonishinda. Alfajiri kitanda hunibembeleza, nami sijalelewa kukataa ukarimu. Majirani ni watu wema mno. Kila ninapopita hunisihi nipumzike. Padre amenisifu mapema, nikaridhika kwa wiki nzima. Nimegundua kwamba wema wa watu unanirudisha kitandani.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba unikejeli. Barua moja kila utakapopata nafasi yatosha, kali kadiri utakavyoona inafaa. Mashaka, muuza samaki, hupita kwangu na kwako, naye amekubali kuzibeba.

Nisamehe kwa usumbufu.

Mtumishi wako,
Marselino Msabila


Mtoni, Temeke
21 Februari 1993

We Mnyamwezi,

Barua yako imefika inanuka vibua. Nimeisoma peke yangu, halafu nikawasomea majirani. Usinune, mtani hana siri.

Ati kuogelea! Wewe uliyekaa ukarani bandarini miaka yote ile, meli imeingia, meli imetoka, na hujawahi kulowa hata ukucha? Babu zako walitembea kutoka Unyamwezi na pembe za ndovu mabegani, walipoiona bahari wakatua mzigo, wakageuza. Wale walikuwa na akili. Wewe umeipata wapi hii yako?

Na hiyo baiskeli yako naijua mie. Ile ya Phoenix yenye kengele na kibebeo nyuma. Utaenda nayo Kibaha au utaipakia unga? Wenzio watakuwa wamefika, wameoga, wamelala na kuamka, wewe uko Ubungo unawaomba radhi punda wa mikokoteni.

Kitanda kinakubembeleza! Mwanaume mzima! Kiambie kitanda mie nimesema kikutupe chini, kimechoka kubeba gunia.

Haya, umeridhika? Zipo nyingine nyingi. Lakini sharti moja: na wewe unirushie. Utani wa upande mmoja ni matusi, na mie mwanamke wa heshima, kungwi wa Mtoni nzima, wali niliowafunda wako kila mtaa. Kama huwezi kunirudishia, usiniandikie tena.

Mtani wako,
Zuena


Mwananyamala,
18 Aprili 1993

Mpendwa mtani, Bi Zuena,

Naomba radhi kwa kuchelewa kukukejeli.

Barua yako nimeibandika ukutani karibu na kitanda, chini kidogo ya picha ya Moyo Mtakatifu. Kila alfajiri huisoma kabla ya sala. Sala hunipa amani, lakini ninyi ndio mnaonitoa kitandani, wewe na lile gunia.

Mashaka ananifundisha kuogelea Msasani kabla hajaenda kununua samaki. Huniambia nilale juu ya maji kama mtu aliyeshiba. Kwa kuwa siwezi kuhesabu na kuogopa kwa wakati mmoja, napima mwendo kwa Litania ya Watakatifu: kila ninapotupa mkono, namtaja mtakatifu mmoja. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikizama kwa Mtakatifu Mikaeli, ambaye ni wa pili. Sasa nimewapita malaika wote na kuingia kwa Mitume. Juzi nilimfikia Mtakatifu Tomaso, nikaingiwa na shaka, nikanywa maji mengi.

Kukimbia bado ni tatizo la heshima. Nikikutana na mtu ninayemfahamu siwezi kumpita bila kumsalimu na kumuuliza habari za nyumbani, na Mwananyamala nawafahamu wote.

Sasa kuhusu sharti lako. Nimetafakari kwa siku kadhaa na nimepata hii: nasikia, na kama nimesikia vibaya nitaiondoa mara moja, kwamba Mzaramo akisikia ngoma hutupa jembe kabla halijashuka kwenye udongo. Naomba radhi. Natambua wako Wazaramo wachapakazi. Mimi mwenyewe nimewahi kuwafahamu wawili.

Wako mwaminifu,
Marselino Msabila


Mtoni, Temeke
2 Mei 1993

We mchukuzi,

Wawili! Wawili tu, Dar es Salaam nzima! Nimecheka mpaka upande wa kanga ukafunguka mbele ya mkwe. Kumbe unaweza. Hiyo ya jembe ya kawaida, watoto wanaisema, lakini hiyo "wawili" imenichoma mpaka leo. Nataka unitajie ni akina nani, na kama mmoja si mie, usikanyage Temeke.

Na watakatifu wako waonee huruma. Wamekaa zao peponi wametulia, kila asubuhi wanasikia mzee wa Tabora anawaita huku anakunywa bahari. Mashaka anasema ukikimbia, kuku wa Mwananyamala wanakupita, halafu wanasimama kukungoja.

Halafu ulikaa karibu miezi miwili kimya, hujaandika. Si kwamba nilikuwa nangoja. Nauliza tu, maana Mashaka alikuja na vibua vitupu.

Zuena


Tabora,
30 Mei 1993

Kwa Mama Zuena,

Shikamoo mama. Hatujuani vizuri, ila nakukumbuka kwenye msiba wa mama yangu. Mimi ni Kresensia, binti wa Mzee Marselino.

Mama, baba ameniandikia kwamba alianguka na baiskeli pale Ubungo. Aligeuka kumwomba radhi mtu aliyempita, akaingia mtaroni. Goti limevimba. Anaeleza kama jambo dogo, lakini mimi ni muuguzi na magoti ya wazee nayajua. Kwenye barua hiyo hiyo amenukuu maneno yako karibu ukurasa mzima, kwa furaha ambayo sijaiona kwake tangu mama afariki.

Nilipompa mkono Krismasi nilidhani ataacha baada ya wiki mbili. Haachi, na anayemfanya asiache ni wewe. Nakuomba kama mtoto: mwandikie kwa upole, umwambie inatosha. Akikata tamaa sasa, atakuja kwangu kwa miguu yake. Mimi ni mtoto wake wa pekee. Nimeshamzika mzazi mmoja, na sikuwepo alipofariki. Huyu nataka niwepo.

Nisamehe kwa kukuingilia.

Mwanao,
Kresensia


Mtoni, Temeke
12 Juni 1993

Ndugu Marselino Msabila,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Nimepata habari za goti lako na nimesikitika sana. Umejitahidi vya kutosha, na sote tunajivunia juhudi zako. Mtu akifikia umri wako, kupumzika ni haki yake. Tafadhali jitunze, na usijisumbue kunijibu.

Wako katika heshima,
Bi Zuena Mwishehe


Mwananyamala,
21 Juni 1993

Mpendwa mtani,

Hii ni barua ya kuomba radhi, na safari hii nina sababu.

Barua yako ya tarehe 12 nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Uliniita Ndugu. Uliandika "wako katika heshima". Sidhani kama tangu enzi za misafara amewahi kutokea Mzaramo aliyemwandikia Mnyamwezi maneno kama hayo, isipokuwa awe amekasirika kupita kiasi au awe karibu kukata roho. Sikuweza kujua ni lipi kati ya hayo mawili, na yote mawili sikuweza kuyavumilia. Niliilaani ile kejeli ya Wazaramo wawili. Nikachukua baiskeli.

Nilipofika Mtoni mlango wako ulikuwa umefungwa. Jirani yako aliniambia tu kwamba wamekuja ndugu zako wakakuchukua Kisarawe, na kwamba mambo ya huko mwanamume hayaulizi. Unaweza kufikiri nilielewa nini. Niliona wamekupeleka kwenu ukafie kwenu.

Vilima vya Pugu nilivipanda bila kushuka kwenye baiskeli, jambo ambalo niligundua nilipokuwa nimekwisha kuvipita. Goti sikulikumbuka. Karibu na kijiji nikasikia ngoma na vilio vya wanawake. Nikavua kofia, nikaingia uani nikikokota baiskeli, nikipiga kengele polepole kwa heshima ya marehemu.

Nakuapia kwa Mungu kwamba sikujua ni unyago. Sikujua mwali yuko ndani. Tena sikuona kitu chochote. Niliona miiko ya kupikia tu, na yote ilikuwa ikija upande wangu. Wafikishie wale akina mama radhi zangu, hasa yule mnene mwenye shabaha.

Lakini ulipotokea mbele yao na kuniita punda aliyepotewa na msafara, na kuniuliza mbele ya kijiji kizima kama nimekuja kuchezwa ngoma kwa kuwa kwetu hawakunifunda, nilijua kwamba u mzima, na kwamba hujanikasirikia. Machozi yalinitoka. Hayakuwa ya mwiko peke yake.

Tafadhali usiniheshimu tena. Sitaweza.

Marselino


Mtoni, Temeke
25 Juni 1993

Mwanangu Kresensia,

Marahaba. Nimefanya ulivyoniomba, na sitafanya tena.

Nilimwandikia baba yako kwa upole, mwanangu, barua ya ofisini kabisa. Kuiandika kulinitia homa. Nilijifungia ndani jioni nzima. Basi huo upole wako umempandisha Pugu kwa baiskeli, na goti lile lile, mpaka Kisarawe, akaingia katikati ya unyago. Wenzangu walimpiga, mie nikamtukana mpaka koo likakauka, na yeye anatabasamu kama bwana harusi. Sijawahi kuona.

Najua unachokiogopa. Mie pia nimezika. Lakini huyo ukimlaza kwa heshima ndiyo unamzika. Nitaendelea kumkejeli, na kama nitakosea, nilaumu mie. Njoo Septemba uone kwa macho yako. Akianguka, tutamwokota pamoja, na treni yako ipo pale pale. Sitakuzuia.

Mama yako,
Zuena


Tabora,
20 Septemba 1993

Shikamoo Baba,

Nimefika salama. Nimekaa siku kadhaa nikitafuta namna ya kuanza barua hii, na bado sijaipata.

Baba, sijui kama unakumbuka yote ya Jumapili ile. Ulitoka majini wenzako wote wakiwa wameshaondoka na baiskeli, midomo yako bado ikitaja watakatifu. Ulimwinamia mwamuzi ukamwomba radhi kwa kumkalisha juani. Kisha ukafunga suruali kwa vibanio vya nguo, ukapiga kengele, ukaondoka kwenda Kibaha. Bi Zuena na wenzake walitandika mkeka kando ya barabara, wakasema wanakaa matanga yako na wanamngoja marehemu apite. Ulipopita kuanza mbio za miguu walikulilia kwa sauti, na ukawashukuru kwa kuja. Mama huyo alipiga kelele tangu asubuhi hadi alasiri. Ulipofika kwenye kugeuza, sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa.

Wengine walishamaliza, wakala, wakaondoka. Mahema yakashushwa. Alibaki mwamuzi mmoja na saa yake, anaitazama saa, analitazama jua. Ukatokea. Ulikuwa umebakiza mwendo wa kutoka barazani kwetu hadi bombani.

Na mimi nilikuwa na kiti.

Sikukileta kwa wema tu, Baba. Nilikibeba tangu asubuhi kwa sababu nakujua: hujawahi kukataa kiti ukikaribishwa. Nikakiweka mbele yako, nikasema, "Karibu ukae, Baba." Ukasema, "Ahsante sana, mwanangu. Samahani kwa kukuweka." Ukakaa.

Mwamuzi akaanza kukunja kamba yake ya kumalizia mbio. Nilikuwa nimeshinda. Tiketi mbili zilikuwa kwenye mkoba wangu. Nikakutazama, nikaona uso wako unatulia polepole kama wa mgonjwa anayeacha kuuliza daktari atakuja lini. Nimewaona wengi wodini. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa kuhusu goti. Nikamgeukia Bi Zuena aseme kitu. Alifungua mdomo, ukatoka upepo. Akajishika koo, halafu akaninyooshea kidole mimi.

Ndipo nikasema lile neno. Mbele ya watu, kwa sauti yote: "Mnyamwezi gani huyu anayeshindwa kubeba hata mzigo wa mwili wake! Inuka, mzee mvivu!"

Bi Zuena mwenyewe alishika kichwa kwa mikono miwili. Wewe ukanitazama muda mrefu, ukasema, "Samahani," ukainuka.

Mtoto hana utani na baba yake. Nimeungama, na Padre ameniambia msamaha wa jambo hili niuombe kwako. Ninauomba. Mzigo nilikutua mimi, nikakutwika tena mimi, na kwa mdomo wangu mwenyewe nimekukosea.

Binti yako,
Kresensia


Mwananyamala,
3 Oktoba 1993

Mwanangu mpendwa Kresensia,

Marahaba. Barua yako imenifikia, nami nimeisoma kwa makini.

Niruhusu nikueleze lililokuwa moyoni mwangu kwenye kile kiti. Kilikuwa kiti kizuri. Nilipokikalia nilikuwa nimekwisha kukubali, na nilianza kupanga ni sufuria zipi niziache na kanga zipi za Veneranda nizichukue. Sikuhisi huzuni yoyote. Hilo ndilo linalonitisha nikilikumbuka. Ungenyamaza kidogo tu, leo ningekuwa Tabora ninakunywa uji wako, na nina hakika uji wako ni mzuri.

Nilikusamehe kabla hujamaliza sentensi. Nilichelewa kuinuka kwa sababu ya miguu peke yake. Sauti uliyoitumia haikuwa yako; ilikuwa ya mama yako asubuhi aliyonikuta nimelala wakati kengele ya pili ya Misa imekwisha kulia. Sikuwa nimeisikia kwa miaka mitano. Kama ndivyo unavyozungumza na wagonjwa, sishangai kwamba wodi yako wanapona upesi.

Mwamuzi aliandika jina langu kwa penseli, la mwisho, baada ya kuikunjua kamba tena kwa ajili yangu. Nilimwomba radhi. Nyumba, basi, inabaki kwangu. Lakini nimefikiri, na nakuja kwako Krismasi kwa hiari yangu, nikae mwezi mzima, nirudi. Panda ngazi zako mara nyingi kabla sijafika; nitakusikiliza unavyopumua.

Bi Zuena amekuja leo kunijulia hali, pamoja na dadaye na Mashaka. Ameketi barazani. Sauti yake bado haijarudi, na daktari amemwambia asubiri. Nilimwomba daktari huyo, kwa taadhima zote, asifanye haraka, kwa kuwa tangu misafara ya babu zetu hii ndiyo mara ya kwanza pwani yote imepata utulivu. Sitaomba radhi kwa sentensi hiyo.

Nampa barua hii aifunge na kuibandika stempu, kwani atapita posta.

Baba yako akupendaye,
Marselino

Kresensia mwanangu, nimeisoma kabla sijaifunga. Usimwambie, lakini sauti yangu imerudi tangu Jumanne. Namnyamazia tu. Nikinyamaza ndiyo anazungumza. Z.